Mlima Aliyempisha Mama Mkwe

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna usingizi? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Ngano imefika, ipisheni ikae.

Hapo kale, milima ilipokuwa ikisema, palikuwa na mama mfinyanzi, jina lake Nakiete. Alikuwa na binti mmoja tu, Namkunda, kipenzi cha roho yake. Namkunda akaolewa ng'ambo ya Mlima. Na Mlima huyo, jamani, alikuwa mzima, hana hata upenyo wa kupita mbuzi. Ukianza kumzunguka, mwezi unaandama na kuisha, wewe ungali njiani.

Siku moja hondohondo akatua juu ya paa la Nakiete.

"Mama Namkunda, mama Namkunda! Mwanao ameshikwa na uchungu. Ni mimba ya kwanza, na anakuita wewe tu."

Nakiete akaacha udongo wake, akajifunga kibwebwe, akachukua kibuyu cha asali ya mzazi. Akapanda, akapanda, akapanda, mpaka akagota kwenye mwamba.

"Mlima, Mlima, nipishe! Mwanangu ananiita."

"Sipishi. Nilikaa hapa kabla bibi yako hajazaliwa."

"Mlima, Mlima, nipishe! Nitakupa asali."

"Sipishi. Nyuki wote ni wangu."

"Mlima, Mlima, nipishe!"

Akakaa chini akalia, maana alimpenda mwanawe kupita kiasi.

Mlima akaingiwa na huruma. "Usilie, mama. Binti yako simtupi. Maji anayokunywa ni yangu, kuni anazokoka ni zangu, na upepo ukivuma mimi ndiye ninayemkinga."

Nakiete akafuta machozi.

"Unamlisha?"

"Namlisha."

"Unamtunza?"

"Namtunza."

"Unampenda?"

Mlima akasema polepole, "Nampenda."

"Basi wewe ni mkwe wangu!"

Enhe! Kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe njiani hufanyaje?

— Hupisha!

Hupisha! Huingia majanini akageuza uso mpaka mama apite. Maskini Mlima, aibu zikamjaa. Akatetemeka, mawe yakaporomoka gudugudu, akajivuta kando, akageuza uso. Njia ikafunguka. Nakiete akapita mbio, ameinamisha macho, maana naye adabu anayo.

Akamkuta Namkunda ameshikilia nguzo ya nyumba.

"Mama!"

"Nipo, mwanangu. Nimefika."

Mtoto akazaliwa mikononi mwa bibi yake.

Tangu hapo pakawa njia ya watu. Wenye chumvi wakapita, wahunzi wakapita, mabibi harusi wakapita wakiimba.

Mnauliza mbona Mlima hakurudi mahali pake? Angerudije, na Nakiete kila mara yuko njiani kwenda kumwona mjukuu!

Basi, anayempenda mwanao, mwite ndugu, hatakuzibia njia.

Ngano yangu imeshavuka mlima, nami nimebaki huku na nyinyi. Mkwe wangu yumo humu ndani, namwona anatafuta mlango.