Pumzi ya Mzee Sengondo

Hii niliipokea asubuhi, nikaifunga simu, kisha nikaifungua tena. Ukimaliza kuisoma usikae nayo kimya. Yupo mtu unayemjua ambaye inamhusu, mpelekee.

Chini ya milima ya Upare, upande wa mashamba ya mpunga, aliishi Bi Namkunda na mumewe, Mzee Sengondo. Kiharusi kilimpiga mzee, kikamwacha kitandani hana kauli, hanyanyui hata ukope. Kwa miezi minane Bi Namkunda alimlisha uji kwa kijiko huku akimpa habari za mtaani, nani kaoa, nani kagombana na nani. Hakupata jibu. Alimkumbuka mumewe ilhali wako chumba kimoja, na huko kunauma kuliko kumkumbuka aliye safarini.

Ndugu wa mume wakakutana. Mdogo wake mzee akasema, "Shemeji, kaka hasikii tena. Jumamosi tunakuja kumchukua, akakae mlimani kwa dada zake. Wewe umechoka."

"Na kama ananisikia?"

"Kama anakusikia, atabaki nyumbani kwake. Lakini tuonyeshe."

Bi Namkunda akamwendea Elineema, binti aliyesomea elektroniki chuo cha ufundi. Elineema akaja na kifaa cha kupima mkondo wa hewa, kinaenea kiganjani, kina nyaya tatu: mmoja wa kuleta umeme, mmoja wa kuurudisha, na wa tatu wa kupeleka habari. Akaziunga kwenye bodi ndogo yenye ubongo wa kompyuta, kisha akaweka mrija wake mdomoni mwa mzee, kwani pumzi ya kawaida ilipita puani. Pumzi ikipita, umeme wa waya wa tatu unapanda, bodi inausoma kama namba, na taa inawaka.

Hewa ilipotulia kabisa, namba ilisoma mia mbili.

"Mbona si sifuri?" Bi Namkunda akauliza.

"Ndivyo kilivyo, mama. Hata kikinyamaza hakifiki sifuri."

Elineema akapuliza mwenyewe kukijaribu. Namba ikaruka hadi mia saba. Akaridhika, akaipanga taa iwake namba ikifika mia nne.

"Baba Anaeli," Bi Namkunda akamwambia mumewe, "kama unanisikia, puliza."

Wakangoja. Taa haikuwaka. Jumatano nzima haikuwaka, Alhamisi haikuwaka, na kila swali Elineema aliliandika daftarini pamoja na saa yake. Ijumaa alasiri Bi Namkunda akamshika mumewe mkono.

"Basi, Baba Anaeli. Nilitamani mno. Kesho watakuja."

Akatoka uani, akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele wa wageni. Machozi yalimtoka, lakini wageni lazima wale.

Baada ya muda Elineema akaja kuchukua vifaa vyake. Aliona aibu, akajieleza. "Mama, kifaa ni kizima, na namba zote kinazitunza. Kuna zilizopanda kidogo tu, mia mbili na tatu, mia mbili na nne. Hizo ni kelele za umeme, mtikisiko wa kifaa chenyewe, hatuzihesabu."

Ungo ukasimama. "Mnazitupa?"

"Kila fundi huzitupa."

"Mwanangu, mimi nikipepeta, pumba natupa. Chenga situpi. Chenga ni mchele, ila umevunjika. Hebu nionyeshe hizo zako."

Elineema akafungua kompyuta, akalinganisha na daftari. Kelele huruka ovyo, lakini hizi zilikuja kwa zamu. Kila swali lilipoulizwa, punde namba ilipanda hadi mia mbili na nne, ikashuka. Siku zote tatu mzee hakuacha swali hata moja.

Binti akaendelea kusoma. Kidole chake kikateremka hadi mistari ya mwisho.

"Mama, leo ulitoka chumbani saa ngapi?"

"Saa tisa. Nilipokwisha kumuaga."

Tangu saa tisa namba ilikuwa imepanda mara arobaini na moja. Na hapakuwa na mtu aliyemuuliza kitu.

Bi Namkunda aliuacha ungo chini, akaingia ndani mbio, akaweka shavu lake kwenye shavu la mumewe. "Nipo," akamwambia. "Siendi popote, nawe huendi popote."

Jumamosi shemeji akafika na gari. Akakuta taa imepangwa upya, iwake kwa mia mbili na tatu. Hakuamini aliyoelezwa, akainama karibu na kitanda.

"Kaka, ni mimi."

Taa ikawaka.

Akaitazama mpaka ikazimika. Kisha akakaa sakafuni, akajifuta uso kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambieni dereva arudi."

Funzo: Usimpime mnyonge kwa pumzi ya mzima, kisha ukasema hajibu. Huenda anakujibu kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Shusha kipimo chako kabla hujamuaga.