Makofi ya Ghala la Pamba

"Usishangilie mchezo hujauona mpira." Mmeisikia leo humu humu, ndani ya ghala la zamani la pamba, wasichana wakifunga kamba za viatu tayari kwa mazoezi, mkaniuliza nani aliisema kwanza. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa mlipoketi.

Minza Limbu hakuwa na filimbi. Alipiga mluzi kwa vidole. Hakuwa na raba, wala pete za dukani; zake zilikuwa ringi za baiskeli zilizopigiliwa juu ya nguzo. Hakuwa na kiwanja cha kudumu, maana kila siku ya gulio wachuuzi walimfurusha yeye na wasichana wake. Hakuwa na cheo, wala kiti cha mbele mkutanoni. Alikuwa na mpira mmoja wenye viraka, na timu ya mpira wa pete iliyokuwa imewatoa jasho majirani wote wa mji wetu wa Lusanje.

Basi akaja Bwana Kitwana, mgeni wa suti na maneno laini. Aliuambia mkutano wa mtaa kwamba kampuni yake imelikodi ghala hili, katikati ya mji, baina ya soko na shule, ili kufungua nyumba ya michezo.

Mji ulilipuka kwa vigelegele. Minza alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Tayari aliwaona wasichana wake wakiruka juu ya sakafu laini, mvua ikinyesha nje na wao hawana habari. Mzee Ngassa, mwenyekiti wa mtaa, akamwambia karani aandike: "Wananchi wamekubali kwa makofi."

Mafundi walipokaribia kumaliza kazi, Minza hakuweza kungoja. Aliwakusanya wasichana, akaenda mlangoni, mpira kwapani. Mlinzi akamzuia.

"Mama, mpira hauingii humu."

"Nyumba ya michezo isiingie mpira, iingie nini?"

"Pesa," mlinzi akasema, bila ubaya wowote. "Unatumbukiza, unabonyeza, unangoja bahati."

Minza akachungulia. Mashine zilisimama safu kwa safu, taa zinametameta, hakuna nafasi ya kurusha hata limau. Ndipo alipoelewa kwamba Bwana Kitwana alilitaja neno michezo, akalimeza neno kamari. Wasichana wake wangepita mlango huo kila siku wakienda shule. Na viganja vyake mwenyewe ndivyo vilivyoufungua.

Alikwenda mbio kwa Mzee Ngassa.

"Umechelewa, mwanangu. Muhtasari uko halmashauri, kibali kinatolewa Ijumaa. Si mlipiga makofi wenyewe?"

"Itisha mkutano, baba, tuyarudishe."

"Makofi hayarudi, Minza. Ni kama chafya."

"Wewe itisha tu."

Habari ilikimbia kuliko moto wa mabua. Soko lilifungwa mapema. Watu walijaa mpaka juu ya matoroli. Bwana Kitwana akaja anatabasamu. Minza alisimama, na kabla hajasema neno, akamrushia mpira. Akaudaka.

"Umeudaka vizuri, bwana. Sasa tuonyeshe utauchezea wapi ndani ya nyumba yako."

Bwana Kitwana aliugeuza mpira mikononi. "Mama, michezo iko mingi. Ya kwetu ni ya kukaa."

"Mchezaji amekaa. Anayetoka jasho ni nani?"

"Mfuko wa mumeo, shoga!" akadakia mama muuza dagaa kutoka nyuma, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Bwana Kitwana alingoja kitulie. "Lakini mlishangilia. Imeandikwa."

"Kweli, tulishangilia," Minza akasema. "Mimi kuliko wote. Tulishangilia mchezo hatujauona mpira. Leo tumeutafuta, haupo." Akawageukia watu. "Anayeyachukua makofi yake, aifiche mikono yake nyuma."

Mikono ikaanza kwenda nyuma, kwanza ya wasichana, kisha ya wauza dagaa, kisha ya wapakuzi wa magunia, mpaka uwanja mzima ukawa kama hauna mikono. Mzee Ngassa alitazama kushoto na kulia. Kisha akailaza bakora yake chini, akaificha nyuma mikono yake pia.

"Niandikeje?" karani akauliza. Yeye peke yake mikono yake ilikuwa mezani, maana ilishika kalamu.

"Andika kwamba wananchi wa Lusanje wameyarudisha makofi yao, na kibali wanakikataa," akasema mwenyekiti. "Na sababu aitaje Minza."

Minza akaitaja, mstari mmoja tu. Karani aliandika, Mzee Ngassa akagonga mhuri. Karani akaikunja barua, akailamba bahasha, akaibana kwa ngumi. Basi la wilayani lilikuwa limeshawasha injini. Minza akaondoka mbio peku, wasichana nyuma yake, akampenyezea dereva bahasha dirishani, na gari likaondoka na maneno haya ndani yake: Usishangilie mchezo hujauona mpira.