Mawe ya Ndunguru

"Mgeni wa kukaa hupangiwa mawe upya." Juzi mliisikia kwa Kapinga alipokuwa akimwoza mwanawe, mkacheka, mkaniuliza mawe yanamhusu nini bibi harusi. Yanamhusu, mtaona. Methali hii ilianzia kwenye tangi la samaki hapa hapa Mbamba Bay, na ilikuwa hivi.

Alto Ndunguru alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Sebuleni kwake aliweka tangi la kioo, refu kama kitanda, akafuga mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa miambani katika ziwa letu la Nyasa. Watu walimcheka.

"Ziwa lote lile halikutoshi, fundi? Na hata kuwala huwali!"

Yeye akaendelea kuwatunza. Maji aliyapunguza na kuyaongeza kidogo kidogo, maana ukiyabadilisha yote kwa mkupuo samaki hufa. Nyama hakuwapa, kwa sababu mbuna ni mla ukoga wa mawe, na nyama humvimbisha tumbo.

Lakini mbuna ana sura nzuri na roho mbaya. Kila dume hushika jiwe lake, na anayelikaribia hung'atwa mapezi.

Mwaka mmoja Editha, mke wa Alto, alifiwa na mdogo wake, aliyeacha binti anayeitwa Devota. Bibi wa mtoto huyo kule Liuli alikuwa haoni tena vizuri, hata ugali alipikiwa na jirani. Kwa hiyo Editha akamchukua mtoto akae nao, asome pamoja na binti zake wawili, Skola na Beata.

Devota akaingia chumba ambacho kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Akikaa, anaambiwa, "Hapo pa Skola." Akisogea, "Hapo pangu." Akitundika gauni msumarini, analikuta sakafuni. Mkeka wake ukaishia mlangoni, kila anayetoka anaukanyaga.

Alto akamkaripia Skola, aliyekuwa mkubwa na mkali zaidi, akampeleka kwa shangazi yake akapoe likizo nzima. Nyumba ikatulia kidogo tu. Beata, aliyekuwa mpole siku zote, akaushika ukali wa dada yake kama aliyerithi jembe. Skola aliporudi, wakawa wawili tena.

Siku moja Alto alileta mbuna mpya, wa manjano. Akauelesha mfuko aliomletea juu ya maji ya tangi mpaka joto likalingana, akamwachia. Haikupita muda dume la bluu likamrarua mkia. Alto akalitoa dume lile, akaliweka kwenye ndoo. Jingine, lililokuwa halina habari na mtu, likahamia jiwe la mwenzake na kuanza kumfukuza yule wa manjano kona hadi kona.

Editha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sasa utawatoa wote?"

"Hapana. Kosa ni langu. Nimemtia mgeni kwenye mji ambao kila jiwe lina mwenyewe."

Akalirudisha dume la bluu, akaingiza mikono, akayatoa mawe yote. Samaki wakabaki wakizubaa katika maji matupu. Akayapanga upya, lililokuwa kulia likaenda kushoto, pango likafungwa, jingine likafunguliwa. Samaki wote wakaanza kutafuta pa kukaa, wa zamani na wa manjano pamoja. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfukuza mwenzake.

Editha akatazama, kisha akasema, "Baba Skola, haya ya samaki unayajua. Leo asubuhi Devota amefunga nguo zake kwenye kanga. Anasema anarudi Liuli. Akirudi, shule imekwisha, atakuwa fimbo ya bibi yake."

Alto akafuta mikono kwenye suruali.

"Waite wote watatu."

Wakatoa kila kitu nje: vitanda, masanduku, mkeka, hata misumari ukutani wakaing'oa. Jirani akachungulia uani.

"Mnahama, Mama Skola?"

"Tunahamia," Editha akamjibu.

Alto akachomelea kitanda cha tatu siku ile ile, mfano wa vile viwili, vyote akavipaka rangi moja. Skola akalia.

"Baba, kitanda changu ni kipi?"

"Hakipo. Hata Beata hana. Ingieni mpatane."

Wakasimama katikati ya chumba kitupu. Hapakuwa na pa Skola wala pa Beata pa kumfukuzia mtu.  Halafu Beata akauliza, na alikuwa hajawahi kumuuliza Devota kitu, "Wewe unataka upande gani?"

"Dirishani."

"Dirishani mimi!" Skola akaruka.

"Nimeanza kusema mimi! Wewe unakoroma, utafukuza hata mbu, lala mlangoni!" Devota akamjibu.

Beata akacheka mpaka akakaa chini. Zogo likapanda, sauti ya Devota ikiwa juu kuliko zote. Alto akataka kwenda kuwanyamazisha. Editha akamshika mkono.

"Waache. Mgeni hagombei dirisha."

Kanga ikafunguliwa. Liuli Devota alikwenda baadaye, kumsalimia bibi, akarudi kwao, Mbamba Bay.

Basi ninyi mnaooa, msimlete mtu nyumbani mkamwambia ajibanze penye nafasi, kisha mkashangaa anang'atwa. Kumkemea anayeng'ata hakutoshi. Mgeni wa kukaa hupangiwa mawe upya.