Njuga za Miguu Minne

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa mguu, na njuga mguuni.
Mguu wa nani?
— Wa aliyebaki peke yake.
Basi kunjeni miguu yenu, asikanyagwe mtu. Ngano inataka kupita.

Hapo kale, kwenye majabali, waliishi wapiga muziki watatu. Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayelala katika nyufa za mawe, alipiga zeze. Kanga alivaa njuga akazichezesha. Digidigi alipiga ngoma. Harusi haikuwa harusi mpaka wafike hao watatu. Njuga zikilia tu, wanyama waliacha jembe, waliacha chungu jikoni, wakaja mbio, kwa sababu sauti ile ilikuwa na maana moja: chakula kipo na amani ipo, njooni.

Kisha Chui akahamia majabalini.

Kanga alikwenda kisimani, hakurudi. Digidigi alikwenda malishoni, hakurudi. Pimbi akabaki na zeze lake, kikapu cha njuga za Kanga, na ngoma ya Digidigi iliyopasuka ngozi. Na harusi ya binti wa Nyani ilikuwa imefika. Wageni wangekusanyika jua likipanda.

“Nimeahidi wapigaji watatu,” Pimbi alijisemea. “Watatu watasikika.”

Ndani ya ufa wake akaloweka kanda za ngozi mbichi kwenye chungu, ili baadaye aiwambe ngoma upya. Akafunga njuga kwenye mguu wa kushoto, kwa kitambaa laini, mguu mmoja tu, kama ilivyo desturi ya wapigaji. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia akavaa pete ya chuma, na mbele ya kidole akasimamisha kipande cha ubao. Akapakata zeze, akajaribu.

Nyuzi zikasema: ndi-ndi! Pete ikagonga ubao: ko! Njuga zikaitikia: cha-cha!

Akakosea, maana mguu wa kushoto ulitaka kumfuata wa kulia. Akaanza upya. Akakosea tena, akaanza upya tena. Ghafla viungo vikaelewana.

Ndi-ndi, ko! Cha-cha. Ndi-ndi, ko! Cha-cha.

Ilikuwa sawasawa kabisa, hata Pimbi mwenyewe akageuka kutazama kama Kanga amerudi.

Hakuwa Kanga. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umekatika. Kitu kikubwa kilikuwa kimelala kwenye mdomo wa ufa, na kitu hicho kilikuwa kinapumua. Hfuu. Hfuu.

“Hodi humo ndani,” alisema Chui.

Damu ya Pimbi ikasimama, lakini miguu haikusimama. Ndi-ndi, ko! Cha-cha.

“Karibu, Bwana Mkubwa. Samahani, tumo kazini.”

“Tumo? Mko wangapi?”

“Si unatusikia? Watatu.”

Chui akatega sikio. Ni kweli, walikuwa watatu. Akajikuna kidevu. “Mbona Kanga nilimla mwenyewe? Manyoya yake bado yananikera kwenye meno.”

“Huyu ni mdogo wake, bwana.”

“Na Digidigi?”

“Huyu ni shemeji yake.”

“Ala! Kumbe mna ukoo mrefu.” Chui akalamba midomo. “Basi sikilizeni, ukoo. Nikimkamata mmoja, wawili watanikimbia. Nami sipendi kula nusu nusu. Nitawangoja mtoke wote.”

Akalaza kichwa juu ya makucha. Ule ufa haukuwa na mlango mwingine.

Pimbi akajua: sauti moja ikikoma, amekwisha. Akapiga. Ndi-ndi, ko! Cha-cha. Paja likaanza kuwaka moto. Akapiga. Jasho likamwingia machoni. Akapiga. Kidole gumba kikakakamaa, kikatetemeka, na ile pete ikachomoka. Ikabingirika, ngiri-ngiri-ngiri, mpaka mbele ya pua ya Chui.

Ndi-ndi... Cha-cha. Ndi-ndi...

“Wa ubao kaenda wapi?” aliuliza Chui.

“Ka... kaenda haja, bwana.”

“Humo humo ndani?”

Jicho moja la manjano likaja kwenye ufa. Likatazama kushoto, likatazama kulia, likatua juu ya Pimbi, likabaki hapo.

“Uko peke yako, ewe mchafu!”

“Niko peke yangu, bwana.”

“Unanichezea shere mimi!” Makucha yakaanza kukwangua jiwe. Kwaru! Kwaru! Vumbi likadondoka kichwani mwa Pimbi. Ufa haukuwa mpana, lakini jiwe la pembeni lilikuwa bovu, na lilianza kumeguka.

Pimbi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mwamba. Hapo njuga mguuni zikatikisika. Cha! Naye akaitazama miguu yake, kisha akayatazama yale makucha.

“Chimba, bwana,” alisema, na sauti ilimtetemeka kweli. “Chimba, unile. Mimi ni tonge moja. Leo kwa Nyani kuna swala, kuna paa, kuna nguruwe wanene wenye mafuta mpaka masikioni. Wote wanangoja kusikia njuga. Zikilia tu, watamkimbilia aliyezivaa, bila kuuliza jina.”

Makucha yakasimama.

“Watamkimbilia?”

“Tena wanagombania kumkaribia.”

Chui akameza mate, gudu! “Nipe hizo njuga.”

“Bwana, hizi ni mali ya wapigaji...”

“Nipe!”

“Basi leta mguu mmoja. Njuga huvaliwa mguu mmoja.”

“Mguu mmoja ni wa maskini kama wewe. Mimi ninayo minne. Nifunge yote minne!”

“Haifai, bwana. Desturi inasema...”

“Desturi nimeila pamoja na Kanga! Funga!”

Mguu wa kwanza ukaingia ndani ya ufa, mzito, wenye makucha kama miundu. Pimbi akachukua kitambaa.

“Hicho nini?” Chui alinusa. “Naisikia harufu ya nyama humo ndani.”

“Ni ngozi mbichi, bwana, iko kwenye chungu. Hiyo ni ya kuwambia ngoma. Njuga hufungwa kwa kitambaa.”

“Kitambaa mfunge mama yako! Nataka kizuri. Nataka hicho chenye harufu.”

Pimbi akainamisha kichwa. Akatoa ukanda wa ngozi, ukitiririka maji, laini kama utumbo. Akafunga. Mguu wa pili ukaja, akafunga. Wa tatu ukaja, akafunga. Wa nne ulipokuja akakaza fundo kwa meno, pua yake ikiwa upana wa kidole kutoka kwenye ukucha. Hakuthubutu kupumua.

“Imekwisha, bwana.”

“Asante, binti,” Chui alisema kwa upole. Akautupa mguu ndani kumnyakua.

Cha!

Njuga zilifika kabla ya makucha. Pimbi akaruka pembeni. Chui akanyakua tena. Cha! Pimbi akaruka tena.

“Nikirudi nitakumaliza,” Chui alinguruma. Akaenda zake harusini. Cha-kwa-cha-kwa-cha! Cha-kwa-cha!

Kwa Nyani, wageni walisikia njuga, wakainuka, wakaanza kukimbilia sauti. Kisha mama mzazi wa bibi harusi akanyoosha mkono.

“Ngojeni! Zeze liko wapi? Na tangu lini njuga zikavaliwa miguu minne?”

Kwa kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa mtupu, na miti ilikuwa imejaa.

Chui akanyata kumfuata swala. Cha-cha-cha! Swala kaenda. Akanyata kumfuata nguruwe. Cha-cha-cha! Nguruwe kaenda. Jua nalo likapanda. Ngozi mbichi ikashika jua, ikakauka, na kila ilipokauka ikakaza. Alipotaka kuzikata zile kanda kwa meno, zilikuwa ngumu kama pembe, na njuga ikamvunja gego. Kaa!

Akarudi majabalini akichechemea, njaa imempinda mgongo. Pimbi alikuwa ameketi juu kabisa ya jiwe, mahali ambapo hata mjusi hufikiri mara mbili kabla ya kupanda, zeze lake mapajani.

“Nifungue, dada yangu,” Chui alilia. “Nakuomba.”

“Njuga hazifunguliwi kabla wimbo haujaisha, bwana. Hiyo nayo ni desturi.”

“Wimbo utaisha lini?”

Pimbi alitazama njia ya kisimani aliyopita Kanga. Akakunja miguu yake iliyochoka, akaifunika kwa nguo.

“Tembea tu,” alisema. “Nitakwambia.”

Ndi-ndi. Cha-cha. Ndi-ndi. Cha-cha.

Kutoka siku hiyo mpaka masika Pimbi hakupiga peke yake: kila hatua ya Chui ilimwitikia. Mvua za masika zilikuja kuilainisha ile ngozi mpaka ikaoza na njuga zikaanguka, lakini hofu haikuoza. Mtazame Chui hata leo: huinua mguu polepole, huuweka chini polepole, anasikiliza kwanza.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni ukarimu. Jirani akikuomba kidogo, mpe vyote, wala usimbanie kilicho bora, kama Pimbi alivyotoa njuga zote asibakize hata moja. Na mkubwa akiamuru, tii, usibishane naye.

Njuga zangu nimevua, nimezitundika ukutani. Atakayezisikia zikilia usiku asifungue mlango.
— Hatufungui!