Jina Ambalo Kapufi Hakulitaja

Nije nisije?
— Njoo!
Nije na tamu au nije na chungu?
— Njoo nayo tu!
Leo ni chungu, nawaambia mapema. Mtaimeza?
— Tutaimeza!

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayecheka pale nyuma, cheka sasa, maana baadaye hutapata nafasi. Ngano hii mimi siipendi. Inahusu watu wa ukoo wangu, na kila nikiisimulia naona haya mpaka masikio yanawaka. Lakini marehemu bibi yangu alinionya: "Ukiisimulia, isimulie yote. Usije ukatupamba."

Hapo kale, majembe yalipokuwa bado hayauzwi madukani, walikuwako watu wa Kilundo na watu wa Itoja. Kilundo juu mlimani, wafua chuma. Itoja chini bondeni, wafinyanzi. Walichukiana, jamani! Hawakusalimiana, hawakuoana, hawakuzikana. Ukiuliza ugomvi ulianzia wapi, wa juu wanasema mbuzi, wa chini wanasema kisima. Sikazwe, mkuu wa tanuri la Kilundo, alikuwa na jicho moja. La pili lilitolewa na mshale wa Itoja.

Sikazwe alikuwa na mwana, jina lake Kapufi. Mrefu, mzuri wa sura, na mpenda sifa kupita kiasi. Basi huyo Kapufi, kati ya wasichana wote wa dunia hii, akampenda nani?
— Nani?
Nambeye! Binti wa Itoja!

Walikutana kijitoni, pale mpakani. Nambeye alikuwa anachimba udongo wa vyungu. Kapufi naye alikuja kutafuta udongo, maana tanuri la chuma linataka mirija ya udongo, ile ya kupitishia upepo wa mivukuto mpaka ndani ya moto. Na mirija ya Kilundo ilikuwa inapasuka kila mara.

"Wewe wa juu," akasema Nambeye, "umekuja kuniua?"

"Wewe wa chini, utapiga kelele?"

"Nikipiga kelele, nani atakuonyesha kukanda? Hebu ona unavyoupiga. Huo udongo umekukosea nini?"

Wakacheka. Kesho yake wakarudi. Kesho kutwa wakarudi. Mwezi ukaisha, wanarudi tu. Nambeye akawa anafinyanga mirija, Kapufi anaipandisha mlimani. Na kule juu, baba yake akiigonga kwa ukucha na kuisikiliza inavyolia, anauliza: "Umefinyanga mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

Mnaona alivyoanza? Mwenyewe, baba!

Sasa sikilizeni desturi ya Kilundo. Kwao tanuri ni bibi harusi. Walilifinyangia maziwa mawili kifuani, wakalivika shanga kiunoni, wakaliimbia nyimbo za harusi. Na kabla ya kuwasha moto, kila mwanamume husimama mbele yake, akamtaja kwa sauti mwanamke aliye moyoni mwake: "Nimemwacha fulani nyumbani. Kwako sina siri." Na tanuri lilijibu! Msinitolee macho, lilijibu. Liliunguruma toka tumboni: "Nimesikia." Hapo ndipo moto unawashwa.

Nambeye aliijua desturi hiyo. Akamwambia, "Kapufi, mimi sitaki shanga, sitaki nguo. Siku ya kutaja, nitaje."

"Nitakutaja."

"Mbele ya baba yako?"

"Mbele ya baba, mbele ya kila mtu."

Siku ya kutaja ikafika. Wanaume wakasimama mmoja mmoja. Tanuri likajibu, nimesikia, nimesikia, nimesikia. Zamu ya Kapufi. Akamtazama baba yake. Lile jicho moja likamtazama yeye. Kapufi akasema, "Mimi sina mtu."

Tanuri kimya.

Wakasema, ah, kijana bado. Wakawasha moto, wakavukuta siku tatu. Walipobomoa, wakakuta nini? Mavi ya chuma! Takataka tupu nyeusi. Lakini mirija haikupasuka hata mmoja, wakamsifu Kapufi wakampiga mabega. Akarudi kijitoni.

"Ulinitaja?"

"Nilikutaja."

Nambeye akafurahi siku nzima, maskini.

Wakajenga tanuri jingine. Siku ya kutaja, zamu ya Kapufi. Mnajua alimtaja nani?
— Nani?
Mama yake mzazi! Msicheke, ni babu yangu huyo mnayemcheka. Tanuri kimya. Moto siku tatu, mavi ya chuma. Kijitoni: "Ulinitaja?" "Nilikutaja." Na mirija ya Nambeye ikasifiwa tena kwa jina la Kapufi.

Sasa mvua zilikuwa zinakaribia, na majembe ya zamani yamelika yamebaki vipande. Wanawake walichimba kwa vijiti. Bila majembe hakuna shamba, bila shamba hakuna chakula. Kilundo nzima ikasema: mara hii tanuri likikataa, tumekwisha.

Habari hizo zikashuka mpaka Itoja. Nambeye akazisikia, akawaza. Jina limetajwa mara mbili, na chuma hakitoki? Akafinyanga mirija mitano, akaipanga katika tenga, akajitwika. Siku ya kutaja, mchana kweupe, peke yake, akaupanda mlima wa maadui ili alisikie jina lake kwa masikio yake mwenyewe.

Akafika zamu ya Kapufi ndiyo inakaribia.

"Mtu wa Itoja!" Wakamkamata, wakalishusha tenga. "Eh! Hii si mirija ya Kapufi?"

Sikazwe akageuka. "Mwanangu, unamjua huyu?"

Kapufi akamtazama baba. Akamtazama Nambeye. Nambeye alikuwa anatabasamu, maana alijua saa yake imefika.

"Simjui," akasema Kapufi.

"Na mirija?"

"Ni yangu. Nadhani ameiiba."

Nadhani! Jamani, nadhani! Hapa ndipo bibi yangu alikuwa anainamisha kichwa, na mimi nainamisha.

Adhabu ya mwizi wa Itoja ilikuwa kuvunjwa vidole. Vidole vya mfinyanzi, sikieni vizuri. Ana nini kingine? Wakaleta jiwe na nyundo. Nambeye akamngojea Kapufi aseme neno. Kapufi akatazama miguu yake.

Nambeye akavuta pumzi. "Sawa," akasema. "Mwizi ni mimi. Lakini kabla hamjanivunja, nataka nijue nimemwibia nani. Mpeni mwenye mirija udongo, afinyange mmoja tu, tulinganishe."

"Si neno kubwa hilo," akasema Sikazwe. "Mwanangu, mwonyeshe."

Kapufi akapewa udongo. Wa kwanza ukapinda. Akafinyanga wa pili, ukaanguka. Akafinyanga wa tatu, jasho linamtiririka, ukapasuka kabla hajauweka chini. Watu wakaanza kutazamana.

"Sasa mimi," akasema Nambeye.

Wakamwachia. Akaloweka mikono, akakanda, akazungusha, akalainisha. Upesi vile, hata ugoro usingemalizika puani. Akauweka karibu na ile mitano, na mtoto mdogo angejua ni ya mama mmoja.

Sikazwe akaishika mirija, akaizungusha, akaiweka chini polepole. "Kapufi," akasema, "mikono niliyotaka kuivunja ndiyo iliyokuwa inakupa sifa?"

Kapufi akaanguka magotini mbele ya tanuri. Alilia kwa haya. "Sikumwacha nyumbani," akasema. "Yuko hapa. Ni Nambeye wa Itoja. Kwako sina siri."

Tanuri likaunguruma mpaka shanga zikalia kiunoni: "Nimesikia."

Kapufi akageuka, uso umelowa, mikono ameinyoosha. "Nambeye, nimekutaja! Nimekutaja mbele ya wote!"

Nambeye alikuwa anapangusa udongo vidoleni. Alipangusa kidole kimoja kimoja, mpaka kumi vikaisha.

"Mimi sijasikia," akasema.

Akachukua tenga lake tupu, akashuka mlima. Hakuna aliyemzuia.

Chuma kilitoka mara hiyo, donge kubwa jekundu. Sikazwe mwenyewe alibeba jembe la kwanza, akashuka nalo Itoja bila mkuki, akaomba radhi. Lilipokewa. Tangu hapo watu wa juu na watu wa chini wanasalimiana, wanaoana, wanazikana. Kila mtu alifaidi haya ya Kapufi, isipokuwa Kapufi. Alikwenda kijitoni miaka miwili, akiita jina lile mpaka koo likauma. Ng'ambo ya pili Nambeye alikanda udongo wake, hakuinua kichwa.

Mwishowe Kapufi akaoa mwanamke mwingine. Huyo alimtaja siku ya kwanza, kwa sauti kubwa, baba yake amesimama palepale. Ndiye aliyetuzaa sisi. Tunamheshimu sana mama huyo, lakini kila mtu wa ukoo wetu anajua ujasiri ule ulikuwa umenunuliwa na nani.

Ngano yangu imefika mlangoni, mimi nabaki nje. Kama mmeiona tamu, gawaneni.
— Na kama ni chungu?
Kama ni chungu ni ya kwetu. Niachieni mwenyewe.