Betri Imejaa

Hapo zamani, na msitazame mbali maana zamani yenyewe ilikuwa na umeme, palikuwa na watu watatu Korogwe wenye gari moja la rimoti, jina lake Kicheche. Gari moja, rimoti moja, fainali ya mbio Jumapili. Na dereva mmoja tu.

Bi Hidaya, fundi cherehani, alikuwa amezichaji betri za Kicheche miaka miwili. Rimoti hajaishika hata kuipangusa vumbi. Mwaka huu aliitaka, akaitaka mpaka akawa anakata kona kwa cherehani.

Mnunuzi wao alikuwa Shekigenda. Muuza duka alimshikisha betri nene ya seli tatu: "Chukua hii, mzee, gari litapaa!"

"Litapaa, lishuke majivu. Mota yetu ni ya seli mbili." Akachukua zinazofaa, moja ya kutumia, moja ya akiba. Lakini Ijumaa, kwa utamu wa mazoezi, akaitumia ile ya kwanza mpaka ikakata roho, na betri hizi zikikaushwa hivyo huharibika.

Jumamosi Hidaya akaiweka ndani ya chungu, uani, mbali na vitambaa. Chaja akaitegesha kwenye seli mbili, akakaa. Akaitwa harusini kwa jirani, akakaa. Harufu ya pilau ikamfuata yenyewe, akakaa. Mara akaona betri inaota kitambi. Akachomoa chaja, akapiga kelele:

"Imejaa!"

Kwa Hidaya, imejaa kama tumbo lenye gesi. Kwa Mbwambo, fundi wa gari, imejaa chaji. Akatoka ndani mbio, akainyakua, akaipachika garini.

"We mtani, imejaa!"

"Si nimesikia, dada! Asante!"

Moshi huo! Hidaya akalia, "Koleo! Shika koleo!" Mbwambo hakungoja koleo. Akaichomoa kwa mkono mtupu, akaitupa chunguni, Hidaya akaizika kwa mchanga. Kicheche likapona. Vidole viwili vya Mbwambo havikupona.

Jumapili, betri ya akiba ikiwa imechajiwa, tena kwa macho ya Hidaya, mtangazaji akaita: "Kicheche! Dereva nani?"

"Mimi," akasema Shekigenda. "Ningenunua ile nene, leo tungekuwa matangani. Na hii ya akiba aliileta nani?"

"Na ile ya kwanza aliiua nani?" akauliza Hidaya.

Mbwambo akainua bandeji. "Mimi nimetoa ngozi. Na kidole cha kubonyezea kimebaki."

"Ulizima moto uliouwasha mwenyewe, mtani! Mimi nilikaa. Miaka miwili nimekaa."

"Ungesema imevimba, dada," Mbwambo akasema taratibu, "ningeelewa."

Neno hilo ndilo lililomnyima Hidaya usingizi. Akapangusa viganja kwenye kanga, akaitazama rimoti pale benchini, mkono asiunyooshe.

Haya, nyinyi mnaocheka, mtangazaji anaita mara ya mwisho: rimoti ashike nani?