Ukuta Unaokomea Kiunoni

Sogeeni, na yule anayesinzia aje mbele nimwone. Mnaniuliza kwa nini shule zetu za huku zina ukuta unaokomea kiunoni, hata mgeni akipita anatuonea huruma akidhani matofali yalituishia. Hayakutuishia. Sikilizeni, kisha mkawaeleze na hao wageni.

Hapo kale shule haikuwapo. Watu wetu walikuwa wasusi wa vihenge, yale maghala ya mviringo ya fito, na mtoto alijifunza kwa kumfuata msusi na kumpokeza ufito hadi siku alipousuka mwenyewe. Kisha ukaja mwaka wa ndui. Wasusi walikufa mmoja baada ya mwingine, akabaki bibi mmoja tu, Nyanzobe, naye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kila asubuhi aliamka akiona kidogo kuliko jana.

Mtemi Lubango akaona hatari hiyo. Watoto arobaini hawawezi kumfuata bibi mmoja, alisema, basi wakusanywe mahali pamoja wafundishwe kwa mpigo. Hapo alisema kweli. Lakini mtu hujenga anachokijua, na kwa watu wa vihenge kila kitu cha thamani hufungiwa.

"Mtama ukiachiwa upenyo, fukusi wanaingia," Mtemi aliwaambia. "Na maarifa ni mtama. Tuwajaze watoto, kisha tuzibe."

Basi wakasimamisha nguzo na paa la nyasi, na chini yake Nyanzobe akasuka kihenge kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusuka, toka chini hadi juu. Wanaume wakakikandika udongo na kinyesi cha ng'ombe, wasiache hata tundu la kupitisha panzi. Kilikuwa na mlango mdogo wa kuingia kwa kutambaa. Watoto wakaingizwa humo pamoja na bibi yao.

Miezi mitano Nyanzobe alikaa gizani akitamka maneno ya usukaji, na watoto wakaitikia. Aliomba aletewe fito, akaambiwa zitawachezesha watoto. Mtemi alikuwa akipita nje, akisikia sauti zinapanda pamoja, anatikisa kichwa kwa furaha. Mimi huyu Mtemi hunikera, nami ni wa ukoo wake, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mavuno yakaja, mtama ukajaa uwanjani, na vihenge vya zamani vilikuwa vimeoza. Mara mawingu yasiyo ya msimu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa. Watoto wakaitwa wasuke. Kabula, binti aliyewashinda wote kwa kukariri, akasema maneno yote toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata moja, huku ameshika ufito kama mtu aliyepewa nyoka. Hakujua auanzie wapi. Wenzake walivuta, wakapinda, wakavunja, hadi fito zilizokatwa zikaisha, na msitu wa fito ulikuwa mwendo wa siku mbili.

Nyanzobe alitaka kuwaonyesha, lakini siku hizo alikuwa akitofautisha mwanga na giza tu. Akaketi chini akalia kwa sauti mbele ya watu. Njaa aliiogopa kama wote, ila kilichomuuma zaidi ni kwamba ataondoka duniani na kazi ya mama zake, ilhali watoto arobaini wamekaa miguuni pake miezi mitano.

Alipomaliza kulia akajifuta uso. "Kifumueni kile kihenge mlichotufungia," akasema. "Fito zake ni za mwaka huu huu, zikiloweshwa zitalainika."

"Bibi, utabomoa shule?" Mtemi akauliza.

"Bora ibomoke ningali hai, mwanangu."

Watoto wakapanda. Wakabandua udongo, mwanga ukaingia, na kwa mara ya kwanza wakauona ukuta uliowazunguka miezi yote ile. Kabula akaushika ufito wa juu kabisa akauvuta kwa nguvu, ukakatika. Bibi akausikia. "Usivute. Tazama umepita wapi, uurudishe njia ile ile." Kabula akatazama. Ufito ulipita nyuma ya fito mbili, ukatokea mbele ya mmoja. Akaurudisha polepole, na maneno aliyokuwa akiyaimba gizani yakaanza kumwelea vidoleni mwake. Akapiga kelele ya furaha hadi mbwa wakabweka.

Wakafumua mzunguko baada ya mzunguko, na kila rundo la fito lilipotimia na kuloweshwa, wengine walisuka pale pale uwanjani, wakakosea, wakarudi ukutani kutazama. Ukuta uliposhuka hadi kiunoni hakuna aliyerudi tena kutazama. Mvua ilipopiga, mtama ulikuwa ndani.

Kesho yake Nyanzobe aliongozwa kutoka kihenge hadi kihenge, akivipapasa. Kwenye kihenge cha Kabula vidole vyake vikasimama. Chini ya ukingo palikuwa na fundo asilolijua.

"Hili nani kakufundisha?"

"Hakuna, bibi," Kabula akasema kwa woga. "Niliona pale panalegea."

Bibi alilivuta fundo lile kwa nguvu zake zote, likakaza. Akacheka, akaushika mkono wa yule binti, akamwambia, "Haya, kaa hapa unifundishe." Na hapo, akiwa kipofu na mwenye miaka isiyohesabika, akaanza kujifunza.

Mtemi alitaka ukuta uinuliwe tena. Hakupata mtu wa kumsukia.

Na tangu siku hiyo, kwetu ukuta wa shule hukomea kiunoni, ili anayesoma aione kazi na wenye kazi wamwone. Na mtu mzima akipita akaona mtoto amefanya jambo kwa namna asiyoijua, haruhusiwi kumwuliza nani kakutuma. Anaruka ukuta, anaketi.